Waya wa Taa kwenye Mashine ya Kusaga

Winnie, uko hewani? Nina hasira!

Leo tumemaliza msiba wa babu huku Mkolani. Baba mdogo Deodatus kashika maiki, eti mashine yetu ya kusaga pale Igoma iliungua mwaka 95 kwa sababu "shemeji aliiwasha kutwa nzima." Shemeji! Yaani mama yangu! Mbele ya ukoo mzima!

Sasa sikia ilivyokuwa. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, madukani kumejaa waya za kila aina. Mama akamwambia Deodatus anunue waya mnene wa mashine. Deodatus akarudi na waya wa taa, eti umeme ni ule ule.

Mama akambishia. Taa inavuta umeme kidogo, waya mwembamba unatosha. Mota ya mashine inavuta mwingi, na ukiulazimisha kupita kwenye kijiuzi kile, waya unachemka. Mashine ikiwa inasaga, akamwita: "Shemeji, gusa." Waya ulikuwa wa moto kama sufuria ya ugali.

Unajua alijibu nini? "Wewe kapepete mahindi."

KAPEPETE MAHINDI, Winnie!

Saa nane mchana ganda la waya likayeyuka, moto ukashika, banda lote likateketea.

Leo kamaliza kusema, watu wanapiga makofi. Mama kanyanyuka taratibu. Kafungua mkoba, katoa kipande cha waya ule ulioungua. Kumbe amekitunza miaka yote hii! Akamwekea mezani, mbele ya maiki.

"Shemeji, gusa."