Mjomba Athanase na Keki Yake

Berea, Durban

Mama yangu mpendwa,

Jambo sana. Natumaini magoti yamepoa na baridi ya Bukavu haikusumbui. Sisi huku tu wazima, ila mimi kaka yako amenichosha. Wacha nikueleze kabla wengine hawajakuharibia habari.

Unajua mjomba Athanase ni prezida wa chama chetu cha Wakongomani tangu kabla sijafika Durban, na uchaguzi kila mwaka anauahirisha. Basi, chuoni mwalimu alitufundisha wachoraji wa Kiingereza wa zamani, kina Hogarth na Gillray, waliowachora wakubwa kwa dhihaka. Picha zao zilitundikwa madirishani mwa maduka ya London, watu wakajazana kucheka. Iko moja ambayo waziri mkuu wao na Napoleon wamekaa mezani, wanaikata dunia kwa visu. Mwalimu akataka kila mtu achore ya kwake.

Nikamchora mjomba, mama. Tumbo mbele, kisu mkononi, anawakatia wapwa zake chama kama keki. Na mimi nimo, nimeshika sahani, maana nalala kwake. Marie-Claire, mwenye saluni ninamosuka nywele jioni, akaibandika dirishani. Watu walicheka mpaka taxi zikasimama.

Nilijua nitafukuzwa nyumbani. Kumbe mjomba alikuja, akaitazama, akaomba nakala ya kutundika sebuleni. Baadaye akaichapisha kwenye tisheti, akazigawa kanisani. Eish, mama! Nikadhani haelewi. Nikamweleza tukiwa mezani kwamba ile ni dhihaka. Akamaliza tonge lake la fufu, kisha akasema taratibu, “Nilielewa tangu siku ya kwanza, Odette. Watu wakishacheka, wanarudi nyumbani wametulia. Chora nyingine.”

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli. Wale wale waliocheka dirishani, ndio waliovaa tisheti. Kwa kujiamini akaitisha uchaguzi, na mpaka juzi hakuna aliyethubutu kushindana naye.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Jana mkutanoni, mjomba alipouliza kama kuna mgombea mwingine, akicheka, nilisimama nikasema nagombea mimi. Marie-Claire akainua mkono kuniunga, kisha wamama wa nyuma, mmoja baada ya mwingine. Mjomba akaacha kucheka. Akamuuliza katibu kama sheria inamruhusu mwanafunzi. Inamruhusu.

Tangu jana haniongeleshi. Najua atakupigia simu ili unikataze. Sikuombi unitetee, yeye ni damu yako na ndiye aliyenipokea nilipokuwa sina mtu. Mwambie tu kwamba jina langu sitaliondoa.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, yaya Josias, na mama mdogo Epiphanie, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mwanao,
Odette