Aliyeletwa Kushika Nafasi Yangu

Kisarawe, Jumanne, Machi 1975

Na gari la kutuhamisha bado halijaja! Lakini fundi aliyeletwa kushika nafasi yangu hapa bomani ameshafika, yeye na mkewe na virago vyao. Nyumba ya serikali ni hii hii moja, basi tumewapa chumba cha Zuhura, binti yetu mwenye pumu. Leo analala chumbani kwetu.

Mimi napelekwa kwenye mradi wa Kibaha, alikotoka huyo fundi. Nimeahidiwa nyumba. Mke wangu ameshashona na mapazia.

Jioni, akichambua mchicha na mke wa fundi, akamuuliza, "Dada, nyumba mnayotuachia ina madirisha mangapi?"

"Nyumba gani, dada? Sisi tulikuwa tukilala stoo, pamoja na mifuko ya saruji."

Tangu magharibi mke wangu anafumua yale mapazia. Nimekaa namsikiliza Zuhura anavyopumua.