Siku Nilipokataa Kuinuka Kitini

4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na mguu wako umepata nafuu. Sisi wazima, ila nyumbani kumenuna.

Mwalimu mkuu alituita kuhusu binti yetu. Unamjua, ukimsomea hadithi mara moja anakusimulia yote, hadi ulipokohoa. Lakini akishika kitabu mwenyewe, herufi hazimkai kichwani. Basi wameamua muhula ujao ahamie chumba cha mwisho, kile cha karibu na stoo, ambako watoto hupaka rangi hadi kengele ya kwenda nyumbani. Hakuna somo, hakuna mtihani. Nami nikasema, "Sawa, mwalimu. Asante sana." Nikampa na mkono.

Mama watoto hasemi nami tangu siku hiyo. Chakula ananiwekea mezani kama mpangaji. Mtoto mwenyewe ameniuliza amekosa nini. Nifanyeje, dada?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mguu haujambo, ila barua yako imenipandisha presha. Asante ya nini? Wewe mtu akikukanyaga, unamwomba radhi wewe!

Sikiliza. Mwanangu aliye kiziwi walitaka kumfanyia hivyo hivyo, na leo ni fundi umeme anayetafutwa na watu. Niligombana na ofisi ya shule yake mpaka sauti ikanikauka. Wewe kugombana huwezi, utatutia aibu bure. Kwa hiyo nenda na adabu zako hizo hizo, mkeo kando yako. Ombeni binti apimwe na mtaalamu wa elimu maalumu kabla hajahamishwa popote. Mnadai haki yake, hamwombi fadhila. Wakikuahidi kitu, uliza nani atakifanya na lini. Na usiinuke kitini mpaka ujibiwe.

Lakini kwanza mwombe mkeo msamaha.

Dada yako

2 Mei

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Sisi salama. Mbona kimya? Muhula umeanza na sijui mtoto yuko chumba gani. Usiponijibu napanda basi nakuja, na unajua nitakavyoingia shuleni hapo.

Dada yako

19 Mei

Dada,

Shikamoo, na tafadhali usipande basi! Sote wazima, na ndani tunacheka tena.

Tulikwenda. Mwalimu mkuu alitusikiliza, akasema atalifikiria, akasimama kutuaga. Dada, sisi tumelelewa vipi? Mwenyeji akisimama, mgeni anasimama. Magoti yangu yalishaanza safari. Mke wangu akanishika shati kwa nyuma, akanivuta chini. Nikasema, "Asante sana, mwalimu. Na nani atampima?" Akasema yupo mtaalamu. "Tunashukuru. Atakuja lini?" Akatazama saa, akatuaga upya. Nikamshukuru upya, nimekaa. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Karani akaingia na mafaili, akatoka, akarudi, bado nashukuru tu. Mwishowe mwalimu mkuu akaketi, akapiga simu mbele yetu.

Mtaalamu alikuja. Akasema akili ya binti haina tatizo lolote, anahitaji tu kufundishwa kusoma kwa njia nyingine. Amebaki darasani kwake! Mwalimu wa elimu maalumu anakaa naye asubuhi, na kwenye mtihani anasomewa maswali. Sikukuandikia mapema kwa sababu niliogopa kushangilia kabla sijaliona kwa macho yangu.

Wazazi wa watoto wa chumba cha mwisho nao wamesikia. Jana nilimsindikiza mama mmoja muuza nguo. Mwalimu mkuu aliponiona mlangoni tu, akaivuta simu karibu.

Sasa hili la leo. Tuliitwa tena, mimi na mke wangu, tukaenda mbio roho juu. Nilijua wamebadili mawazo. Kumbe ni mwalimu wa sayansi, ana malalamiko. Binti yetu anajibu kila swali kabla wenzake hawajanyoosha mikono, na jana alimsahihisha yeye mwenyewe mbele ya darasa zima. Anatuomba tukamkanye mtoto.

Mama yake akasema hakusikia vizuri, akamwomba arudie. Akarudia. Nami nikamwomba arudie kwa ajili yangu. Mwalimu wa watu akalalamika mara ya tatu, na sisi tumekaa pale, tumeshikana mikono, machozi yanatutiririka.

Mdogo wako