Namba Saba Anabweka

Jumatatu, 4 Machi

Bila mimi nchi hii isingekuwa na muziki. Si majivuno, ni ukweli tu.

Nani aliimba kwenye tarumbeta la bati la kunasia sauti wakati wenzake wanaliogopa kama jini? Unasogeza uso mpaka mdomoni mwake, unatoa sauti yote, na ukipanda juu fundi anakuvuta koti kwa nyuma usije ukaharibu nta inayochorwa wimbo. Wengine walivutwa na mtu mmoja. Mimi wawili. Siku moja, kwa sauti yangu, sindano inayochora nta ilitoroka ikaingia chini ya kabati — haijaonekana hadi leo.

Sasa mimi ni Mkuu wa Waimbaji. Kiti changu kinazunguka. Mwenye kampuni ya santuri hatofautishi wimbo na king'ora, ndiyo maana ananiambia, "Mzee wa Tarumbeta, mimi nalipia masikio yako."

Mashine mpya imefika. Maikrofoni. Ndogo kama ngumi, haitaki kelele. Waimbaji wote watajaribiwa, na mimi nimo. Fundi ataweka namba kwenye sahani za santuri, bila majina, nisipendelee mtu. Kisha nitasema nani abaki, nani aende.

Usingizi umekataa. Itakuwa chai ya jana.

Jumatano, 6 Machi

Nimeimba. Hakuna wa kunivuta koti! Mikono sikujua niiweke wapi. Nilipomaliza nikakohoa, mashine bado inanasa, fundi akanitazama vibaya.

Mpwa wangu, binti wa dada, ameimba kama anabembeleza mtoto. Miaka yote hii nimemnyima nafasi, tarumbeta halikumsikia. Nikamwambia, "Mwanangu, huo ni umbea, si wimbo." Akasema, "Sawa, mjomba," huku anacheka.

Fundi hakumtazama vibaya.

Alhamisi, 7 Machi

Leo tumesikiliza sahani, mimi, mwenye kampuni na fundi. Nilikuwa mkali kweli, maana bosi ananiangalia. Namba saba nikaikatiza njiani. Nikasema huyu haimbi, anabweka, kama mzee aliyefungiwa nje na mkewe. Bosi alicheka mpaka akavua miwani. Nikanogewa. Nikasema asikanyage tena hapa.

Bosi akasema vizuri, kesho waimbaji wote waje, namba saba nimwambie mwenyewe usoni.

Fundi hakucheka. Nilidhani jino linamuuma.

Natoka, mpwa wangu ananingoja kwenye ngazi.

"Mjomba, mbona umejifukuza?"

"Nimejifukuza nini?"

"Namba saba si wewe? Nilimwona fundi akiiandika. Dirisha lilikuwa wazi, nimesikia. Nikajua unatania."

Nikasema ndiyo, mwanangu, mjomba wako mtani sana. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Nyumbani sijala. Mke wangu kaniuliza kama nimefiwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimewahi ofisini, nimejifungia na mashine ya santuri. Sahani namba saba. Nikairudia. Nikairudia tena.

Waimbaji wamejaa ukumbini, nawasikia wanavyotaniana, kila mmoja anamwambia mwenzake namba saba ni wewe. Nikisema ni mimi, bosi atauliza haya masikio anayoyalipia ni ya nini, na kiti kimekwenda. Nikimnyooshea mwingine kidole, maskini wa watu anakosa kazi, na fundi anajua.

Mpwa wangu kabisha mlango. Anasema, "Mjomba, toka useme ulitaka kuwachekesha. Mimi nitakuunga mkono." Huruma hii sijui kairithi kwa nani. Kwetu haipo.

Nimemjibu natafuta viatu. Viatu nimevaa.

Sasa ni bosi. "Mzee wa Tarumbeta, tunakungoja. Namba saba ni nani?" Kitasa kinatikisika.

Ningeweza kutoka niseme ulikuwa utani. Lakini bosi akinipigia tena sahani ile mbele ya watu, akasema haya, hapo unajisikiaje? Nitasema nini? Miaka kumi na kitu nimejijua kwa ile sauti nyembamba ya puani inayotoka kwenye tarumbeta. Huyu wa namba saba simjui. Nimemsikiliza asubuhi yote, naambiwa ni mimi, na bado simjui. Nilichotambua ni kikohozi tu.