Walivyomcheka Pasua Mjini

Waithaka,
Nairobi.
8 Septemba 2024

Mpendwa shemeji Karanja,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hamjambo huko Kanada? Cate na watoto je, baridi haijawashika? Mimi ni mzima, ila magoti hunisumbua mvua ikinyesha. Nyumba imekuwa kubwa tangu tumzike kaka yako. Binti yangu Shiko huja kuniona akipata nafasi, na siku hizi nafasi hazipatikani.

Unakumbuka "Mheshimiwa Yuaja", ule mchezo wa kuchekesha wa runinga ambamo kijiji kizima hujiandaa kumpokea mbunge asiyefika? Marehemu kaka yako Gichuru ndiye aliyeigiza Pasua, mshona viatu aliyesema yale ambayo wengine waliyaogopa. Wewe ndiye uliyekuwa ukifunga mapazia tukitazama, mpaka mchezo ukaondolewa hewani. Basi vijana fulani wamezipata kanda zake, wakazionyesha katika ukumbi mmoja mjini. Msichana aitwaye Beryl alinitafuta, akanialika.

Shemeji, walicheka! Pasua alipouliza barabara ya kijiji imeliwa na nani, na aliitafuna kwa meno gani, ukumbi ulilipuka. Kijana aliyeketi karibu nami akasema, "Hii si waliandika wiki jana?" Sisi tulicheka tukiziba midomo, wao walipiga makofi. Nilijivunia, kisha nikahuzunika kwamba mzaha ule haujazeeka.

Halafu ikaja ile ya Pasua kumwinulia mkewe mshipi kwa sababu ya chai baridi. Zamani hapo ndipo tulipovunjika mbavu. Ukumbi ukanyamaza. Ikabaki sauti ya Gichuru peke yake, na vicheko vya watu wa kwenye kanda.

Mwishoni Beryl akaniuliza mbele ya wote, kama mjukuu kwa nyanya yake, "Shosho, hapo kwa mshipi mlikuwa mnacheka kweli?"

"Tulicheka," nikamjibu. "Hata mimi. Gichuru hakuwahi kuniinulia mkono. Lakini waliokuwa wakimtazama nao walikuwa na wake."

Hakuna aliyepiga makofi, wala aliyezomea. Walipiga picha nami, wakaniaga vizuri, wakatoka wawili wawili wakibishana. Nilitamani kuwa na wa kubishana naye. Kaka yako angeutetea ule mshipi mpaka chakula kipoe, halafu angekubali.

Beryl alinitilia vipindi vyote kwenye simu. Kuvitazama siwezi. Navisikiliza nikipika, simu nimeilaza mezani. Juzi Pasua alimwita mkewe, nami nikaitika. Nikasimama pale na mwiko mkononi.

Nakuandikia kwa sababu jambo hili sikuweza kukuambia ukiwa kwenye simu: wewe na Gichuru mna sauti moja. Ukinipigia, usikimbilie kukata. Nisomee hata gazeti.

Nisalimie Cate, uwakumbatie watoto, na ukimwona mpwa wangu Mwihaki aliye huko, mwambie shangazi zake wa Waithaka wanamwulizia. Mungu awafunike kwa mkono wake huko ugenini.

Mimi akupendaye, mke wa kaka yako,
Wahu