Kaske ya Bila Waya

Yaya Riziki, dada yangu mukubwa,

Salamu nyingi toka huku Misisi. Uko aje? Na mama, magoti yake inamuachilia kidogo? Batoto banaenda masomo? Mi mwili iko muzima, ila roho inaniuma, na haya imenijaa.

Unajua kazi yetu mi na bwana yako. Mi natembeza mashini ya kutafuta zahabu, kaske, ile ya kusikilizia, iko masikioni. Pale inalia naweka muguu, na shemeji Wilondja anachimba palepale. Basi kaske ya mashini ikakatika waya. Badala ya kutafuta ya aina yake, nikanunua sokoni hii ya kisasa, ya bila waya, pamoja na kidude cha kuchomeka kwa mashini ili kitume sauti. Shemeji akaniambia, "Hiyo si ya kusikiliza muziki?" Nikamucheka. Nilijiona fundi, kumbe bure kabisa.

Juma mbili mashini inalia, tunachimba, hakuna kitu. Nikaanza kuwaza: huyu shemeji anaiona zahabu mbele yangu, anaificha. Yaya, nilimuvulisha nguo mbele ya bachimbaji benzake! Akavua shati, akavua suruali. Bakamupekua mupaka ndani ya kinywa. Habakuona kitu. Na bado nikamufukuza arudi huko kwenu, nikamutumia mama ile sauti kwa telefone: "Mukwe wako ni mwizi." Najua muliisikia bote pale kiwanjani.

Jana funguo yangu ilianguka kwenye majani, nikaitafuta na mashini. Naiona funguo na macho yangu, mashini imeshaipita, ndiyo kaske inalia! Nikarudia polepole, vilevile. Nikatoa kaske, nikachomoa na kile kidude, mashini ikalia juu ya funguo yenyewe. Sauti ilikuwa inanifikia kwa kuchelewa, na mi muguu wangu umeshasogea. Nikakimbia kwa mashimo yetu. Hatua moja pembeni ya shimo la mwisho, nikachimbua punje ya zahabu. Shemeji alichimba pale nilimuonyesha. Mi ndiye nilionyesha vibaya.

Ningekupigia, lakini ningelia, na wewe ungenihurumia. Sistahili.

Nakuomba barua hii usiisome peke yako. Ita bwana yako, ita mama, ita shangazi, ita majirani balisikia ile sauti. Usome kwa nguvu. Usalimie kila moja wao, na mudogo wetu wa mwisho, umwambie asifanane na mi.

Shemeji, hukuiba. Nilikuvua nguo bure. Kama hutaki kuniona tena, nitabaki huku, sitakulaumu. Ila batoto bako basikie leo, toka kwa mukono wangu mi mwenyewe: baba yenu si mwizi.

Ni mi, mudogo wako mwenye haya,
Ebinda