Popo Kasoma kwa Sauti

Jumatatu, 3 Machi
Imetangazwa. Mtihani wa kusoma kwa sauti ni Ijumaa ya tarehe 21. Asiyepita anarudia kidato, hakuna cha kubembeleza. Mimi nimesharudia mara moja — nikirudia tena nitakaa na wadogo zangu!

Kimoyomoyo nasoma kama maji. Tatizo mdomo. Nikisimama mbele za watu, sauti haitoki. Redio, ninayekaa naye dawati moja (kuongea kwake hakuishiwi betri), eti nisijali. Rahisi kwake.

Jumatano, 5 Machi
Mafua. Nimebaki kitandani, nautazama ukuta ulionifundisha kusoma.

Mama anakunja karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji tangu sijazaliwa. Zilizoharibika wanaruhusiwa kuzichukua, naye akazibandika chumbani kuzuia vumbi. Akanionyesha herufi kwa mpini wa mwiko. Karatasi moja kubwa ina kurasa nane upande mmoja, nusu yake kichwa chini, maana ndivyo zinavyochapwa kabla ya kukunjwa. Nane nyingine ziko upande wa nyuma — zimegandana na ukuta. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza ninao, wa pili na wa tatu sina, wa nne ninao. Zilizokosekana nikawa natunga. Nilidhani kusoma ndiko huko: nyingine wanakupa, nyingine unajitungia.

Darasa la kwanza nikaitwa nisome. Ukurasa wa kwanza, safi. Kisha nikageuza kitabu kichwa chini, nikaendelea na hadithi yangu. Watoto wakavunjika mbavu. Mwalimu wa wakati ule akaniita mwongo.

Toka siku hiyo naitwa Popo. Na sijasoma tena kwa sauti.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwambia Mama kisa cha Popo. Miaka yote hii sikuwahi.

Alikuwa anapiga pasi. Nilitegemea pole — akacheka mpaka akakaa chini! Nikanuna. Akafuta machozi, akasema kuna watu wazima hawawezi kutunga hata ukurasa mmoja, mimi nilitunga nane nikiwa na miaka sita, halafu naona haya? Sikuwahi kuliona hivyo.

Akasema haya, nisomee. Nikasoma ukuta mzima, na zile za kwangu humohumo. Akanikatiza mara moja tu, nilikuwa nakimbiza maneno.

Alhamisi, 20 Machi
Siku kumi na moja mimi nasoma, Mama anapika. Juzi mama wa jirani kaja kuomba kiberiti, kakaa mpaka mwisho wa hadithi. Kiberiti kakisahau.

Kesho ndiyo kesho. Naogopa, ila nina hamu pia. Sijui kipi kinazidi.

Ijumaa, 21 Machi
Naandika kwenye benchi la koridoni. Nimesoma!

Wasahihishaji watatu, mwalimu wetu wa lugha katikati. Kanikabidhi kitabu, ukurasa wa kwanza tu. Sentensi ya kwanza ikanikwama. Nikameza mate. Ya pili ikatoka. Ni habari za fundi saa aliyeletewa saa mbovu na mjane. Anaifungua, ndani anakuta barua. Nikafungua ukurasa wa pili. Wa tatu. Mwalimu akasema inatosha. Nikamsikia, lakini barua ilikuwa haijafunguliwa! Akasema tena, binti, inatosha.

Matokeo mpaka wamalize wote. Lakini yule msahihishaji mnene aliyekuwa anasinzia alikuwa kaweka kalamu chini, kaegemea meza. Nilimwona kwa macho yangu.

Redio kaingia baada yangu. Sasa mlango umefunguliwa tena. Mwalimu anauliza kitabu cha mtihani kiko wapi. Redio kasimama mbele ya meza mikono mitupu, anainua mabega. Mnene kainama, anachungulia chini ya viti.

Kipo mapajani kwangu. Wallahi sikukusudia — miguu ilitoka chumbani, macho hayakutoka kitabuni. Niko ukurasa wa kumi na moja. Fundi ndiyo kwanza anabisha hodi kwa mjane, barua mfukoni.

Mwalimu kaniona. Anakuja. Nimemwinulia kidole kimoja: ukurasa mmoja tu, mwalimu, mmoja tu